Bodi iliridhia kwa kauli moja

Ilikuwa ajenda namba 6. Zilibaki dakika kumi na moja kikao kifungwe, na mwenyekiti alishaanza kukusanya karatasi zake kama abiria aliyeona kituo chake kinakaribia.

Meneja wa mradi wetu, ule wa kuhamishia kumbukumbu kwenye mfumo mpya wa kompyuta, akamaliza slaidi ya mwisho. Mwakilishi wa mzabuni, aliyekaa mkabala nami, alikuwa anasoma simu chini ya meza.

"Ndugu wajumbe," mwenyekiti akasema, "tunaombwa turuhusu awamu ya tatu ianze. Kuna hoja?"

Hoja ninayo. Kwenye ukurasa wa 31 wa makabrasha nilikuwa nimeipigia mstari wa penseli sentensi moja: "Majaribio ya kuhamisha kumbukumbu yatakamilishwa sambamba na uzinduzi." Sambamba. Neno lenye adabu zake. Usiku wa kuamkia kikao nililisoma mara tatu nikijiuliza, jaribio linalomalizika siku ile ile ya shughuli yenyewe linamjaribu nani?

Nikaitazama penseli. Nikaitazama saa. Nikazitazama nyuso za watu waliokwisha kuondoka kimawazo, wamebakiza viwiliwili tu vitini.

Nikanyamaza.

Muhtasari ulipotufikia, mstari wa ajenda namba 6 ulisomeka hivi: "Bodi iliridhia kwa kauli moja."

## Kauli ipi?

Yaliyofuata nitayapitia haraka, maana hata wewe ungeyakisia. Mfumo ulizinduliwa siku iliyotangazwa. Kesho yake asubuhi makarani wakaanza kupiga simu: kumbukumbu zimeingiliana, malipo ya huyu yanasomeka kwa jina la yule, na wengine hawaonekani kabisa. Wiki saba zikaishia kwenye kusahihisha kwa mkono, faili moja moja. Hakuna aliyefukuzwa. Tukafanya kikao cha tathmini, tukaandika kwamba "mawasiliano yaimarishwe", tukatawanyika.

Hayo hayakuninyima usingizi. Mifumo mipya hukorofisha, na makarani wetu ni hodari kuliko mfumo wowote. Kilichonikaa kooni kwa wiki kadhaa ni yale maneno mawili ya katibu. Kauli moja. Nilikuwamo chumbani mle, na hakuna aliyetoa kauli. Tulikuwa watu watano, tukatoa kimya kimoja.

Kisha nikakumbuka lililo baya zaidi. Kikao kilichofuata, katibu aliposoma muhtasari na kuuliza nani anathibitisha, mkono ulioinuka ulikuwa wangu. Jina langu lipo pale, chini ya sentensi ile.

## Mgeni rasmi

Barua ya uteuzi iliponijia miezi mingi nyuma, niliisoma kama barua ya heshima. "Mjumbe wa bodi ya mradi, mwakilishi wa watumiaji." Nikawa nahudhuria vikao kama mgeni rasmi: nimekaa mbele, nimepewa maji, nangoja kuambiwa lini nipige makofi.

Ni baada ya yale ya makarani ndipo nikatafuta kujua kiti changu kiliwekwa pale kwa kazi gani. Nilianzia kwenye PRINCE2, utaratibu wa kuendesha miradi ambao watu wengi wamewahi kuufanyia mtihani na wachache wamewahi kuufuata. Ulizaliwa serikalini Uingereza mwaka 1989 kwa ajili ya miradi ya kompyuta, na mwaka 1996 ukapanuliwa utumike kwa mradi wa aina yoyote. Ndani yake bodi ya mradi ina viti vya pande tatu. Kiti cha kwanza ni cha mwenye mradi, ambaye kwetu ndiye mwenyekiti, anayejibu kama fedha hii ilistahili kutumika. Cha pili ni cha watakaotumia kitu kitakachozaliwa. Cha tatu ni cha wanaokitengeneza, wawe wafanyakazi wa ndani au mzabuni.

Niliposoma hapo nilikuwa najua nilichokuwa nakitafuta: mstari wa kunitetea. Na kwa muda mfupi nikadhani nimeupata. Miongozo hiyo inasema waziwazi kwamba bodi ya mradi haiendeshwi kwa kura. Mwenye mradi ndiye mwenye neno la mwisho, na ndiye anayebeba lawama ya mwisho. Wawili waliobaki wanamsaidia kuamua.

Basi nimepona, nikajisemea. Uamuzi ulikuwa wa mwenyekiti.

Nafuu hiyo ilidumu siku mbili. Kwa sababu ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho inakugeukia. Kama mwenyekiti ndiye anayeamua, basi anaamua kwa kutegemea nini? Yeye hajawahi kukaa dirishani na karani. Hajui kwamba jina moja linaweza kuandikwa kwa namna nne katika mafaili manne. Mimi ndiye niliyejua. Nilikalishwa pale ili ujuzi huo uwe mezani pindi anapoamua, nami siku hiyo niliutia mkobani pamoja na penseli.

Kura yangu haikuwa na thamani. Swali langu ndilo lililokuwa na thamani.

## Tulivyopenda rangi

Msinielewe vibaya mkadhani bodi yetu ilikuwa ya wavivu. Tulikutana kila baada ya wiki mbili! Kwa miezi sita ya mwanzo tulikuwa na ari ya kutisha. Kuna kikao kizima, dakika hamsini, kilichokwenda kwenye rangi ya vitufe vya skrini. Mjumbe mmoja alitaka bluu iliyokolea. Mwingine, mimi, nilitaka ya mawingu. Tuliahirisha ajenda mbili ili tumalize suala la bluu. Meneja wa mradi alisimama pale mbele akibadilisha rangi kama mtu anayewabembeleza watoto wale chakula.

Leo nikifikiria, tulikuwa tunafanya kazi yake na kuiacha ya kwetu. Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kweli, ila bodi yetu ilikuwa na tatizo la ziada: manahodha watano wote walikuwa wanapaka rangi makasia, na hakuna aliyekuwa anatazama mwamba.

Wanaoijua kazi hii husema bodi inaelekeza na meneja anaendesha. Ni maneno mepesi kutamka, ila mpaka wake haueleweki hadi uuone ukichorwa. Unachorwa kwa ukomo. Bodi inampa meneja awamu moja, si mradi wote, na kumwambia: una miezi minne, ukizidisha hadi wiki mbili hatutakuuliza, una fedha hii, ukiizidisha hadi asilimia tano huna haja ya kuja mlangoni kwetu. Ndani ya uzio huo ni mbabe. Apange, apangue, abadilishe rangi anavyotaka. Lakini pindi anapoona kwamba atauruka uzio, na hapo neno la kushikilia ni "anapoona", si "alipokwisha kuruka", anasimama na kuandika taarifa kwa bodi. Nini kimetokea, kitatufikisha wapi, njia zilizopo ni zipi, yeye anapendekeza ipi.

Na ukomo si wa muda na fedha tu. Unawekwa pia kwenye ubora, kwenye mawanda ya kazi, kwenye vihatarishi na kwenye manufaa yanayotarajiwa. Toleo la PRINCE2 la mwaka 2023 limeongeza na uendelevu. Kwa mradi wetu ukomo wa ubora ungeweza kuwa sentensi moja fupi: katika kila kumbukumbu elfu moja zitakazohamishwa kwa majaribio, zikikosewa zaidi ya mbili, bodi iitwe.

Hatukuwahi kuiandika.

Tulikuwa na ukomo wa fedha kwa sababu idara ya fedha ilitulazimisha. Tarehe tulikuwa nayo kwa sababu ilishatangazwa. Kuhusu lile ambalo mimi ndiye niliyepaswa kulisimamia, kwamba kumbukumbu zifike salama upande wa pili, hapakuwa na namba yoyote. Kwa hiyo kila jibu lilikuwa jibu sahihi. "Majaribio yanaendelea vizuri." Vizuri kiasi gani? Hakuna aliyejua, wala hakuna kipimo ambacho kingemfanya mtu ajue.

## Siku ishirini na sita

Katika kuhangaika huko nikaishia kusoma habari za uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg, na nikakwama hapo jioni tatu mfululizo.

Ujenzi ulianza mwaka 2006. Ufunguzi uliahirishwa mara moja, kisha ukapangiwa tarehe 3 Juni 2012. Mialiko ikatoka. Mipango ya kuhamisha shughuli zote kutoka uwanja wa zamani wa Tegel kwa usiku mmoja ikawa tayari. Tarehe 8 Mei, zikiwa zimebaki siku 26, ikatangazwa kwamba uwanja haufunguliwi. Mfumo wa kuzuia moto na kutoa moshi haufanyi kazi kama inavyotakiwa. Kabla ya hapo kulikuwa na mpango wa muda wa kuweka mamia ya watu kwenye milango, ili moto ukitokea wao wafanye kwa mikono kile ambacho mitambo ilipaswa kukifanya yenyewe.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020.

Kampuni ya uwanja ule ilikuwa na bodi ya usimamizi, na mwenyekiti wake alikuwa Klaus Wowereit, meya wa Berlin wakati huo. Januari 2013, baada ya tarehe nyingine tena kuanguka, aliachia uenyekiti. Najua bodi ya kampuni si sawasawa na bodi ya mradi. Mtaalamu atanisahihisha na atakuwa na haki. Ila viti vinafanana. Ni watu wenye shughuli nyingine nyingi, wanaopokea taarifa zilizoandikwa na watu wanaotaka kuonekana wanafanya kazi vizuri.

Kilichonikwamisha si ukubwa wa kashfa. Ni zile siku 26. Mfumo wa moshi hauharibiki kwa siku 26. Kwa miezi mingi kuna mafundi waliokuwa wanauona hauendi, wakampa taarifa mtu, aliyempa mtu, aliyempa mtu, na katika kila ngazi habari ikapigwa pasi kidogo, ikanyooka, hadi ilipopanda juu ilikuwa haina hata kunjo.

Nikaijua hiyo pasi. "Sambamba na uzinduzi" ilikuwa imepita chini yake.

Halafu kuna benki ya TSB ya Uingereza, ambayo kwangu iliuma zaidi kwa kuwa ni ndugu wa damu wa mradi wetu, ingawa wao walikuwa wanahamisha kumbukumbu za wateja zaidi ya milioni 5. Walikuwa wahame Novemba 2017. Wakaona hawajawa tayari, wakapanga upya kwa robo ya kwanza ya mwaka 2018, hatimaye wakahama wikiendi moja ya Aprili. Wateja hadi milioni 1.9 wakajikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao. Bodi ya benki ikawaagiza mawakili wa Slaughter and May wachunguze, na ripoti ikatoka Novemba 2019. Desemba 2022 mamlaka mbili za usimamizi zikaitoza benki ile faini ya jumla ya pauni milioni 48.65.

Katika ripoti ile kuna hoja niliyoisoma nimesimama. Inasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba bodi ilipoletewa tarehe mpya haikuuliza swali la wazi kabisa: ikiwa kazi zimechelewa kwa miezi, ni nini kinachotufanya tuamini kwamba zitakamilika katika muda huu mfupi ulioongezwa?

Swali la sentensi moja. Halihitaji kujua programu wala seva.

## Umejuaje?

Kwa siku kadhaa nilijitetea tena. Makabrasha yalitufikia saa mbili usiku, kurasa 84, kikao saa tatu asubuhi. Meneja wa mradi ni mtu mwaminifu. Mzabuni alikuwa na wataalamu waliosomea mambo hayo, mimi nani niwatilie shaka? Na kama kila mjumbe ataanza kupekua kila ukurasa, mradi utaendeshwa na nani? Tutarudi kule kule kwenye vitufe vya bluu.

Hilo la mwisho lina uzito, na bado sijalimaliza. Kuna wajumbe ambao maswali yao ni ya kuonyesha kwamba wamesoma. Kuna wanaouliza ili kumbana mtu wasiyempenda. Nimekaa nao. Nisingependa kuwa mmoja wao.

Lakini nimegundua tofauti ambayo inanisaidia. Kuuliza "kwa nini hukutumia njia ile?" ni kuingia jikoni kwa mwenzako. Kuuliza "umejuaje?" ni kubaki kwenye kiti chako. Umejuaje kwamba kumbukumbu zinahama salama? Nani alihesabu? Alihesabu ngapi? Nikitaka kuhesabu upya mwenyewe, nianzie wapi?

Na hapo kuna kitu nilikuwa sikijui kabisa: kwamba bodi haikufungwa iamini macho ya meneja peke yake. Kila upande wa bodi una haki ya kuweka mhakiki wake, mtu asiyeripoti kwa meneja, anayeutazama mradi kwa niaba ya upande huo. Maana yake ningeweza kumchagua karani mmoja, yule mwenye miaka ishirini kwenye mafaili na ulimi usioogopa, nikamwambia nenda kakae na wale wa majaribio siku mbili uniletee unachokiona. Siku mbili tu. Angerudi na majina manne ya mtu mmoja.

Sikumtuma mtu. Sikujua naruhusiwa, na sikuuliza kama naruhusiwa.

## Kwenye ngazi

Pengine ningeishia hapo, na uchungu ungepungua wenyewe, kama nisingekutana na meneja wa mradi kwenye ngazi.

Ilikuwa jioni, wiki ya tano au ya sita ya masahihisho. Alikuwa amekonda. Tukasalimiana, tukaulizana hali, na katika ile hali ya kutafuta la kusema nikamwambia kwamba kuna sentensi moja kwenye makabrasha yake iliyonitatiza, ukurasa wa 31, na kwamba najuta sikuiuliza.

Akasimama. Akaniangalia kwa muda.

"Dada," akasema, "ile sentensi niliiandika kwa makusudi. Nilikuwa nasubiri mtu aulize."

Sikuwa na jibu.

Akanieleza tukiwa tumeegemea ukuta. Jaribio la mwisho lilikuwa baya. Aliandika kwanza "majaribio hayajafaulu" na sehemu yake akaipa rangi nyekundu. Akaitwa, akaambiwa kwa upole kwamba tarehe imeshatangazwa na nyekundu italeta taharuki. Hebu aangalie upya. Akaangalia upya. Nyekundu ikawa njano, na njano, kwa kikao cha ajenda namba 6, ikawa kijani chenye maelezo. Kuisogeza tarehe hakuwa na uwezo. Uwezo huo ulikuwa wa bodi. Kusema uongo hakutaka. Akatafuta neno lililo katikati, akalipata. Sambamba. Akalituma kwetu kama mtu anayetia barua kwenye chupa.

Na chupa ilifika. Mimi niliiokota, nikaipigia mstari, nikairudisha baharini.

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na hasira naye. Kwa nini hakusema tu? Mtu mzima, mwenye taaluma, anatuandikia mafumbo? Nilipofika nilikuwa nimeshabadilika, na hapo ndipo makala hii ilipoanzia. Kwa sababu tulichokuwa tunakidai kwake ni ujasiri. Tulimtaka asimame peke yake, mbele ya watu wanaomwajiri, aseme jambo ambalo alishaombwa asiliseme. Huo si utaratibu wa kazi, huo ni mtihani wa tabia, na mimi mwenyewe, nisiye na cha kupoteza, nilikuwa nimeufeli chumba kile kile, siku ile ile.

Nikaurudia ule ukomo. Nilikuwa nimeuelewa kama kamba ya kumfunga meneja asizurure. Sasa nauona upande wake wa pili. Kama mwanzoni mwa awamu tungekuwa tumeandika ile sentensi, makosa mawili kwa elfu, zaidi ya hapo bodi iitwe, basi siku jaribio lilipoharibika asingehitaji ujasiri wowote. Angehitaji kikokotoo. Anayemwambia apunguze rangi angemjibu, "Si mimi, mzee, ni bodi yenyewe iliyosema tukifika hapa niilete." Na bodi ingekaa ikachagua: tuongeze muda, tupunguze mawanda, tuanze na kundi dogo, au tusimame. Yote manne ni maamuzi halali. Kimya si mojawapo.

Tuliacha kuandika namba moja, kisha tukashangaa kwamba mtu hakutuletea ukweli kwa mikono mitupu.

## Andiko la mradi

Jambo jingine dogo nililiona nilipokuwa napanga upya mafaili. Andiko la mradi, ile karatasi inayosema kwa nini tunafanya kitu hiki na tutafaidika nini, lilisomwa mbele ya bodi mara moja tu. Siku ya kwanza.

Mwisho wa kila awamu ndio mlango ambao bodi inapaswa kusimama na kuuliza kama sababu ile bado ipo. Sisi kila tulipofika mlangoni tuliuliza tumeshatumia kiasi gani, na jibu lilipokuwa kubwa tukaliona kama sababu ya kuendelea. "Tumeshafika mbali." Mwenyekiti alipenda kulisema, nasi tulipenda kulisikia. Nimejaribu kukumbuka kama katika miezi yote ile kuna mtu aliyetamka mezani neno "kusimamisha". Sikumbuki. Nadhani tungelisikia kama tusi.

## Mengineyo

Sasa niko kwenye bodi nyingine, mradi mwingine, kiti kile kile cha watumiaji. Nimejifunza kuomba makabrasha siku tano kabla, na nimekataa mara moja kujadili waraka uliogawiwa mlangoni. Sipendwi sana na katibu.

Mara ya kwanza nilipouliza "umejuaje?" meneja alifungua kompyuta, akatuonyesha hesabu, kila kitu kipo. Nikajisikia mjinga. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu mwenyekiti wa huko, mama mmoja asiye na mchezo, aliguna kabla sijamaliza, na jirani yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilikaa kimya kikao chote kilichobaki, nikiwaza kwamba labda nimeshakuwa yule mjumbe wa kuonyesha kwamba amesoma.

Nilirudi pia kwenye bodi ya zamani, kwa kikao chao cha kufunga mradi. Chini ya "Yatokanayo" niliomba muhtasari wa siku ile usahihishwe: pale palipoandikwa kwamba bodi iliridhia kwa kauli moja, pasomeke kwamba hakuna mjumbe aliyetoa hoja. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma. Muhtasari ulishathibitishwa, akasema. Katibu akafunua faili, akaweka kidole kwenye jina la aliyethibitisha, akanigeuzia nisome.

Mwezi uliopita, bodi mpya ilifika mlangoni pa awamu ya pili. Taarifa nzuri, kurasa chache, rangi zote zimetulia. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja. Nikahisi jirani yangu anasogeza mguu.

"Ninalo swali," nikasema. "Hapa mmeandika watumiaji watamudu mfumo ndani ya wiki mbili za mafunzo. Mmejuaje?"

Meneja, kijana mmoja mtaratibu, akafungua kinywa, akakifunga. Akamtazama mwenyekiti, akanitazama mimi.

"Hatujapima, dada," akasema. "Tulikadiria. Nikipewa watu sita, Alhamisi naweza kupima."

Mwenyekiti akakunja makabrasha yake polepole. Akamgeukia katibu, akamwambia aandike kwamba uamuzi wa ajenda hiyo umesogezwa hadi Ijumaa.